Sanduku la Maswali: "Nimesali novena ya Mtakatifu Yuda Tadei, mwanangu hajarudi"

*Tumsifu Yesu Kristu, Sista. Mimi ni mama mjane. Mwanangu wa kwanza aliondoka nyumbani baada ya kugombana na mimi, na mpaka leo hapokei simu yangu. Nasikia tu kwa watu kwamba yu hai. Rafiki yangu wa kanisani alinipa sala ya Mtakatifu Yuda Tadei, akasema huyo ndiye msimamizi wa mambo yaliyoshindikana, nisali siku 9. Nimesali, nikarudia, kimya. Sasa nimetumiwa sala hiyohiyo kwenye simu, na maneno kwamba niisambaze kwa watu 9, la sivyo balaa litaingia nyumbani mwangu. Sikuisambaza, na tangu hapo silali. Kaka yangu, anayesali kanisa jingine, anasema nimejitakia mwenyewe kwa kuomba wafu. Nilikosea wapi? Au mtakatifu amenikataa?*
*Mama mwenye hofu*

Milele amina, mama yangu. Nianze na hilo la simu, maana ndilo linalokunyima usingizi. Ufute ujumbe huo. Usimtumie mtu yeyote, wala usiogope. Aliyeandika hayo ya balaa hakuyatoa kwa Yuda Tadei wala kwa Kanisa. Amemsingizia mtume wa Yesu tabia ya mdai anayetishia mlangoni. Mchezo huu ulikuwepo hata kabla ya simu: watu walikuwa wakiacha nakala za sala kwenye mabenchi ya kanisa siku 9 mfululizo, wakiamini kwamba nakala ya mwisho ikishawekwa basi jibu limepatikana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2111, inauita ushirikina: kudhani kwamba sala hufanya kazi kwa sababu tu imetamkwa au imetendwa kwa namna fulani ya nje, moyo ukiwa kando. Aliyekutumia huenda naye alitetemeka kama wewe. Mpigie, mwambie awe na amani.

Hizo siku 9 zenyewe, ndiyo novena, zina asili nzuri. Bwana alipopaa mbinguni, mitume walirudi Yerusalemu wakakaa katika chumba cha juu pamoja na Maria na wanawake wengine, wakidumu katika sala siku hizo 9 hadi Pentekoste. Ukifungua Matendo ya Mitume 1:13 utaona orodha ya waliokuwamo, na jina la mwisho kati ya wale mitume ni Yuda wa Yakobo. Ndiye huyuhuyu unayemwomba. Yeye mwenyewe alipitia siku zile za kungoja, bila kujua ahadi ya Bwana itatimia vipi wala lini. Kwa hiyo unaposali novena kwake, unakaa na mtu aliyewahi kukaa hivyo.

Sasa lile swali lako zito: je, amenikataa?

Chukua ile sala yake uliyopewa uisome polepole, bila kukimbilia mahali pa kutaja ombi. Inaanza kwa kumwita mtumishi mwaminifu na rafiki wa Yesu. Halafu anayesali anajitaja kuwa mnyonge na aliye peke yake. Kisha, kabla ya kufika penye nia yako, inaomba faraja na msaada wa mbinguni katika shida na mateso yote. Na inakomea wapi? Inakomea kwenye kumsifu Mungu pamoja na mtume huyo na wateule wote milele. Ombi lako kuhusu mwanao limewekwa katikati ya hayo, limezungukwa pande zote. Yeyote aliyeitunga sala hiyo aliwajua watu waliokata tamaa. Alijua kwamba mtu akishabanwa, ombi lake humeza kila kitu, mpaka hawezi tena kuona kwamba anahitaji pia kushikwa mkono wakati anangoja.

Mama, nikupe mwenzako wa kukaa naye: Mtakatifu Monika. Mwanaye Augustino alikuwa kijana mwenye akili nyingi aliyeikimbia imani ya mama yake. Mwaka 383, akiwa Kartago, pwani ya Afrika ya Kaskazini, aliamua kuvuka bahari kwenda Roma. Monika akamshikilia, akitaka ama abaki ama waende wote. Augustino akamdanganya kwamba anamsindikiza tu rafiki yake anayengoja upepo, akamshawishi mama alale karibu na bandari, katika kikanisa cha ukumbusho wa Mtakatifu Sipriani, askofu mfiadini wa Kartago. Usiku ule mama alisali na kulia mahali pa mtakatifu, akimwomba Mungu asimwache mwanaye aondoke. Asubuhi meli ilikuwa imekwisha kwenda.

Hebu fikiri maneno ambayo majirani wangemwambia Monika asubuhi ile. Umesali kwa mtakatifu usiku kucha, na mtoto ametoroka usiku huohuo!

Augustino mwenyewe, alipokuwa mtu mzima na askofu, aliandika juu ya usiku ule. Alisema Mungu hakumpa mama yake alichoomba saa ile, ili ampe kile alichokuwa akikiomba siku zote. Maana ni huko Italia, Milano, ndiko alikokutana na Askofu Ambrosi, na Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa, mama yake akiwapo. Monika alikuwa amemfuata kwa meli. Hakuketi nyumbani akihesabu novena.

Sikwambii hadithi hii ili nikuahidi kwamba mwanao atarudi mwaka fulani. Siwezi kuahidi, wala padre hawezi, na anayekuahidi anakuhadaa. Nakwambia ili uache kuuchukulia ukimya huu kama hukumu juu yako. Monika hakukosea maneno ya sala, wala Sipriani hakumgeuzia mgongo. Alikuwa mama anayelilia mtoto, na kilio chake kilisikiwa na Mungu ambaye alikuwa akiona hata ng'ambo ya bahari.

Juu ya kaka yako sitasema mengi, maana naona anakupenda, ila hilo neno limekuchoma. Mwambie hivi: humwombi Yuda Tadei kama unavyomwomba Mungu. Katika Litania ya Watakatifu, tukimwelekea Bwana tunasema "utuhurumie", na tukiwaelekea watakatifu tunasema "utuombee". Ndivyo yeye naye anavyomwomba mchungaji wake amwombee akiwa mgonjwa. Tofauti ni kwamba sisi tunaamini kifo hakivunji udugu wa walio ndani ya Kristu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, mwaka 1563 ulifundisha kuwa ni vyema na yafaa kuomba maombezi ya watakatifu, na kwamba neema yote hutoka kwa Mungu kwa njia ya Mwanawe, aliye Mkombozi wetu pekee. Asiporidhika, msibishane. Mwombe asali kwa namna yake kwa ajili ya mpwa wake. Hilo hatalikataa.

Na wewe fanya kitu kimoja ambacho novena haiwezi kukufanyia. Umeandika kwamba mliachana kwa ugomvi. Mtumie mwanao ujumbe mfupi. Usimhubirie, usimwulize anarudi lini, usimweleze jinsi ulivyolia. Mwambie tu kwamba unampenda na mlango uko wazi, na kama kuna neno ulilomtupia siku ile ambalo hukupaswa kulisema, litaje na umwombe radhi kwa neno hilo. Kisha uache. Asipojibu, usitume la pili siku inayofuata. Kama kuna mtu anayemheshimu, mwalimu wake wa zamani au mjomba huyohuyo, mwombe amtafute kwa upole. Yuda Tadei aombe huko aliko, na ninyi mtembee huku mliko.

*Sista, kwa nini tusali kwa Yuda wakati Yuda ndiye aliyemuuza Bwana? Mwanangu ameniuliza nikakosa jibu.*
*Baba wa mkomunio wa kwanza*

Ni watu wawili, baba, na mtoto wako ameuliza swali ambalo limemsumbua mtume huyu karne kwa karne. Msaliti ni Yuda Iskarioti. Huyu wetu Luka anamwita Yuda wa Yakobo (6:16), na Mathayo na Marko wanamwita Thadayo, ndiyo maana tunayaunganisha: Yuda Tadei. Waumini wanaamini kwamba kwa muda mrefu watu waliogopa kumwomba kwa sababu ya kufanana jina na msaliti, kwa hiyo ombi lililofika kwake lilikuwa la mtu ambaye amekwisha kubisha kwingine kote. Ndivyo inavyosimuliwa kwamba alikuja kuwa msimamizi wa mambo yaliyokatiwa tamaa.

Ibada yake ilikua sana katika karne ya 20. Mwaka 1929 huko Chicago, Marekani, padre mmoja wa shirika la Waklareti, James Tort, aliianzisha katika parokia ya wahamiaji, wengi wao Wameksiko waliofanya kazi viwandani. Mwaka huohuo uchumi wa dunia ulianguka, na watu waliopoteza kazi wakaipokea ibada hiyo kwa mikono miwili. Katika jiji la Meksiko leo, kanisa la San Hipólito hufurika watu tarehe 28 ya kila mwezi, kwa sababu sikukuu yake ni tarehe 28 Oktoba, anapoadhimishwa pamoja na Mtume Simoni.

Lakini ukitaka mwanao amkumbuke, usimwambie hayo tu. Mfungulie Yohane 14:22, mahali pekee katika Injili ambapo tunamsikia mtume huyu akizungumza. Ni usiku wa Karamu ya Mwisho. Mwinjili anajihadhari kabisa kuandika kwamba si Iskarioti. Yuda anauliza: Bwana, imekuwaje unataka kujidhihirisha kwetu na si kwa ulimwengu?

Mimi napenda sana kwamba aliuliza. Wengine wangenyamaza wajifanye wameelewa. Swali lake ndilo la kila mtu anayemwona Mungu amejificha: kwa nini usijionyeshe waziwazi, tukamaliza mambo? Na Yesu hakumkemea. Alimjibu kwamba mtu akimpenda atalishika neno lake, na Baba atampenda, nao watakuja kwake na kufanya makao kwake. Mtume aliuliza juu ya kuonekana, akajibiwa juu ya kukaa. Kila ninaposali na watu walioelemewa, huwa nasoma aya hizo mbili kabla ya novena. Sijapata andiko linalomfaa mtu wa namna hiyo kuliko hilo.

Na kama anapenda picha, mwonyeshe mwali wa moto juu ya kichwa cha mtume: ni moto wa Pentekoste. Ile sura anayoibeba kifuani ni uso wa Yesu.

*Sista, naandika kwa kifupi. Nimepoteza kazi, na nyumbani wananiona mzigo. Sala zimekufa mdomoni. Picha ya Mtakatifu Yuda Tadei ninayo mfukoni lakini siwezi hata kuisoma. Usiku mwingine natamani nisiamke. Je, hii ni dhambi ya kukata tamaa?*
*Hakuweka jina*

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako zaidi ya barua nyingine zote za mwezi huu. Kabla hujaendelea kusoma ninachojibu, mtafute mtu mmoja aliye hai, leo, umwambie maneno hayohayo uliyoniandikia mimi: kwamba unatamani usiamke. Awe ndugu, rafiki, padre, daktari, yeyote ambaye hatakucheka. Kama mawazo hayo yamefikia kupanga namna ya kujidhuru, usikae peke yako hata saa moja. Nenda hospitali iliyo karibu, au mwombe mtu akupeleke sasa hivi. Huzuni ya namna hii mara nyingi ni ugonjwa, unatibika, na kwenda kwa daktari si kupungukiwa imani.

Umeuliza kama ni dhambi. Dhambi ya kukata tamaa ni mtu kumkatalia Mungu kwa hiari kwamba anaweza kumwokoa na kumsamehe. Wewe umechoka. Hayo mawili hayafanani hata kidogo. Nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, alikaa chini ya mti jangwani akamwomba Mungu aitwae roho yake. Malaika alipokuja hakumpa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamrudia na chakula mara ya pili. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, tangu Pasaka ya mwaka 1896 mpaka alipofariki tarehe 30 Septemba 1897, aliishi katika giza la imani ambamo mbingu ilikuwa kwake kama ukuta. Kanisa halikuliona giza hilo kuwa aibu yake. Lilimtangaza mtakatifu.

Kuhusu ile picha mfukoni. Nilimhudumia wakati mmoja mgonjwa, mtu mzima, aliyekuwa na kadi ya Yuda Tadei iliyochakaa, imepasuka penye mkunjo, ikashikwa kwa gundi ya karatasi, na maandishi ya nyuma yamefutika kwa vidole. Alikuwa hawezi tena kusoma wala kukumbuka maneno. Kila jioni aliniinulia ile kadi, bila kusema kitu, nami nikaisoma sala kwa ajili yake. Nikifika mwisho, midomo yake ilicheza kidogo. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake, na naamini ilitosha.

Katika Marko sura ya 2, watu wanne walimbeba mwenye kupooza, wakatoboa dari, wakamshusha mbele ya Yesu. Yule mgonjwa hatusikii ameomba lolote. Injili inasema Yesu aliiona imani yao, wale waliombeba. Kwa hiyo usijilazimishe kusali kwa sasa. Mpe mtu hiyo picha, mwambie: nisalie, mimi siwezi. Maombezi ya watakatifu ndiyo hayo, kubebwa na wengine. Mimi nimekwisha kuanza kukubeba, na wasomaji wengi watakaoisoma barua yako watafanya hivyo pia. Lakini narudia, na unisamehe kwa kurudia: mwambie mtu leo.

*Sista, nilikuwa mgonjwa sana. Nilimwekea Mtakatifu Yuda Tadei nadhiri kwamba nikipona nitakwenda Roma kusali kwenye kaburi lake, na nitatangaza gazetini. Nimepona, namshukuru Mungu. Fedha za Roma sina wala sitazipata. Nimefungwa?*
*Mwenye deni*

Hongera kwa kupona, na Mungu asifiwe. Masalia yake yamo kweli katika Basilika la Mtakatifu Petro, kwenye altare ya Mtakatifu Yosefu, kwa hiyo ulijua unachokisema.

Kwanza, nadhiri kwa maana kamili huwekwa kwa Mungu, mtakatifu akiwa mwombezi na shahidi, na Sheria ya Kanisa (kanuni 1191) inasema iwe juu ya jambo jema linalowezekana. Jambo usiloliweza halikufungi. Pili, kanuni 1197 inamruhusu aliyeweka nadhiri yake binafsi kuibadili mwenyewe kwa jema lililo sawa nalo au kubwa zaidi. Ukiona bado dhamiri inakuuma, mwone paroko wako: kanuni 1196 inampa uwezo wa kukuondolea nadhiri ya namna hiyo kwa sababu ya haki. Ni mazungumzo ya dakika chache, usiyaogope.

Ukitaka mfano wa kubadilisha, yupo mchekeshaji wa Marekani mwenye asili ya Lebanoni, Danny Thomas. Alipokuwa hana kitu alimwomba Yuda Tadei amwonyeshe njia, akaahidi kumjengea mahali pa heshima. Alipofanikiwa, ahadi hiyo ikawa hospitali ya watoto wenye saratani na magonjwa mengine mazito, iliyofunguliwa Memphis mwaka 1962, na familia za watoto wanaotibiwa pale hazidaiwi malipo ya matibabu. Wewe hutajenga hospitali. Lakini umelala wodini, unawajua wasiotembelewa na mtu. Nenda kwao kila mwezi badala ya Roma, na usipeleke mikono mitupu. Tarehe 28 Oktoba ushiriki Misa ya shukrani.

Kuhusu gazeti, barua yako imekwisha kuchapwa hapa bila jina lako, kama ulivyotaka. Hilo hudaiwi tena.